Bitana Nayo Isifiwe

Watu husifu kola. Husifu vifungo, husifu mabega yaliyokaa, husifu kiuno kilichobana pale pa kubana na kuachia pale pa kuachia. Miaka yote niliyokaa maofisini sijamsikia hata mmoja akimwambia mwenzake, "Dada, leo bitana yako imetulia." Dhuluma hii nimeona isiendelee. Nasimama kuisifu bitana, kile kitambaa chembamba, chepesi, chenye kuteleza, cha bei ya chini kuliko jirani zake wote dukani, kinachoshonewa ndani ya koti kisha kikasahauliwa. Naisifu nikiwa na matundu mawili ya sindano kwenye kidole cha shahada na koti moja la kijivu mwilini, na vyote vitatu nimevipata kwa mkono wake.

Anayesifiwa hutajiwa ukoo kwanza. Bitana ni neno lililotujia kutoka Kiarabu, na mzizi wake ndio uliozaa neno la tumbo katika lugha hiyo. Ni mambo ya ndani. Waarabu hawakuishia kwenye nguo: kwao bitana ni pia wandani wa mtawala, wale wanaoingia kwake bila kubisha hodi, wanaojua anakula nini na anadaiwa na nani. Sisi tulichukua maana ya nguo tukaiacha ile ya ikulu, ila tabia haikubaki nyuma. Siri ya mtungi aijuaye kata. Siri ya koti, mwulize bitana. Na aliyesema kikulacho ki nguoni mwako, mimi naamini alikuwa amevaa koti la bitana ya poliesta, mwezi wa Februari, pale Posta, saa nane mchana, akingoja daladala.

Jamaa zake wametapakaa duniani. Karne ya 16 huko Ulaya, askari wa kukodiwa wa Kijerumani walizichana nguo zao za juu makusudi, chale baada ya chale, ili bitana ya rangi nyingine ichomoze ionekane. Japani nako, enzi za Edo, wafanyabiashara waliozuiwa na sheria kujipamba waliitii sheria hiyo upande wa nje tu: koti la haori la rangi iliyopooza, lisilo na neno, na ndani yake bitana ya hariri iliyochorwa milima na mawimbi. Mkaguzi akipita anamwona mtu mnyonge. Rafiki akikaribishwa ndani, koti likavuliwa, anamwona tajiri. Kwetu pwani, kanzu, vazi la unyenyekevu, nayo ina kaba yake, kile kitambaa kinachoshonewa ndani shingoni na mabegani. Kaba ni binamu wa bitana aliyeshika dini.

Wako waliojaribu kuishi bila yeye. Kaunda suti, iliyobeba jina la Kenneth Kaunda aliyeiongoza Zambia tangu 1964 hadi 1991, ni vazi la watu waliolipima joto la nchi zao wakiwa na akili timamu: mikono mifupi, tai hakuna, upepo ruksa. Ikapata malipo gani? Novemba 2023 Spika wa Bunge la Taifa la Kenya, Moses Wetang'ula, aliipiga marufuku bungeni. Mheshimiwa wa kiume aje na koti, kola, tai, shati la mikono mirefu. Bitana haikutajwa kwenye orodha. Lakini aliyeagizwa koti ameagizwa bitana. Ndivyo wandani wanavyopita mlangoni, bila kuitwa jina.

Mimi nilifika kwake kwa njia ya mtumba. Makoti ya soko la Karume ni mazuri, siyasemi vibaya, ila kila moja lilikatwa kwa mwili wa mtu mwingine wa nchi nyingine: likinikubali mabegani linanikataa nyonga, likinikubali nyonga mikono yake inanifika kwenye kucha. Nikasema nitashona langu, nyumbani, kwa cherehani ya Butterfly ya kukanyaga aliyoniachia mama, ambayo umeme ukikatika yenyewe haina habari. Nikaenda Kariakoo nikanunua mita mbili za gabadini ya kijivu na mita moja na nusu ya bitana ya zambarau. Muuzaji aliipima gabadini kwa adabu, akailaza, akaivuta pembe, akaikata kwa mkasi. Bitana aliitia chale ndogo akaichana kwa mikono miwili, kraaa, hata hakuitazama. Hapo moyo wangu ukaanza kuiegemea.

Kabla ya kukata chochote nilitaka kujua koti limeshonwaje, nikachukua moja la mtumba, limenyooka, la kike, la mtu aliyekuwa na cheo bila shaka, nikalifumua bitana kwa wembe. Laiti nisingethubutu kufanya hivyo! Nje, koti lilikuwa waziri. Ndani mlikuwa na nyuzi zinaning'inia, kingo ambazo hazikupitishwa kwenye ovaloki, kitambaa cha gundi kilichobandikwa kwa pasi upande mmoja kimeshika na upande mwingine kimefura kama chapati, mstari wa chaki uliokatwa kando yake kwa sentimita nzima, na pedi za mabega zilizoshikizwa kwa mishono mitatu ya haraka, ya mtu anayekimbilia basi. Kwa hiyo hata huko kwenye viwanda! Nikaketi mkekani nikacheka peke yangu. Miaka yote nimekuwa nikijiona mshonaji mbaya, kumbe nilikuwa mshonaji asiye na bitana tu.

Tangu siku hiyo nakubali kwamba bitana ni stara. Dini zote zinahimiza kusitiriana, na ni nani anayetusitiri kama yeye? Mshono uliopinda, anaufunika. Mahali ulipofumua mara nne hadi kitambaa kikaota manyoya, anapafunika. Hakuulizi ulikosea vipi. Ofisi nyingi zinaendeshwa kwa kanuni hiyo hiyo, na sisemi zaidi.

Tabia zake sasa. Bitana ina heshima ya kupenda uhuru. Ukiilaza mezani, haikai. Inashuka polepole upande wa pili kama kambale anayerudi mtoni. Niliiwekea makopo mawili ya nyanya, pasi na vitabu vya darasa la tano. Ikatoka chini ya vyote bila kuangusha kimoja. Vipande viwili vya mgongo vilivyokatwa pamoja, kwa mkasi mmoja, vilipotenganishwa kimoja kilikuwa cha mtu mrefu na kingine cha mdogo wake. Baadaye nilifundishwa kuibana kwa pini juu ya magazeti na kukata vyote viwili, gazeti na bitana, na kweli ilitulia. Inapenda kusoma, nadhani. Na sindano haitaki ile namba 16 uliyoshonea jinzi. Inataka namba 11, mpya, yenye ncha, la sivyo inakunja uso mshono mzima. Kiumbe kinachojua thamani yake.

Kingo zake zinamomonyoka. Ukikata leo jioni, ukaahirisha kushona hadi Jumamosi, unakuta sentimita moja imegeuka ndevu. Wengine huita huo udhaifu. Mimi naona ni mwalimu pekee wa nidhamu ya kazi niliyemkuta nikiwa mtu mzima.

Kosa langu kubwa aliligundua mzee mmoja fundi, anayeshonea barazani mtaa wa pili. Nilimpelekea koti likiwa limepigwa bandi tu, nikijigamba.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Ehe, hii bitana umeikata kwa kipimo gani?"

"Sawasawa na koti, mzee. Sikukosea hata nukta."

Akavua miwani. "Sawasawa na koti! Hebu kunja mkono wako. Sasa unyooshe. Umeiona hiyo ngozi ya kiwiko ilivyolegea? Aliyekuumba angekukatia ngozi sawasawa na mfupa, ungekunja mkono mara moja tu maisha yako yote."

Nikarudi nyumbani na somo hilo kichwani. Bitana haivutiki kama kitambaa cha juu, kwa hiyo lazima ikatwe kubwa kuliko koti lenyewe. Katikati ya mgongo huachiwa mkunjo wa kama sentimita 2.5, kutoka shingoni kushuka, ambao hufunguka unapoinua mikono kushika bomba la daladala na kujifunga unapoishusha. Chini kwenye upindo nako huachwa kijikunjo, bitana ijikunje yenyewe kidogo, kwa sababu gabadini ikining'inia kwenye henga hushuka na kurefuka, na bitana isiyo na akiba itaunyanyua upindo wote ndani, koti liwe kama limeshika sketi kuvuka dimbwi. Hayo yote hayaonekani. Akili nyingi kuliko zote za koti zimefichwa mahali ambapo hata mvaaji haangalii, na ndiyo maana naona kola inapewa sifa za bure.

Nifike kwenye muujiza wake. Kuna namna ya kuunganisha koti na bitana kwa cherehani bila kushona kwa mkono pindo zima. Unaliweka koti na bitana vikitazamana, uso kwa uso, unashona mbele yote, shingo yote, upindo wa chini, hata mwisho wa mikono, mpaka vyote vinakuwa mfuko mmoja usio na mlango. Mlango ni mmoja: katika mshono wa bitana ya mkono mmoja umeacha wazi kama sentimita 20. Kupitia hapo unaingiza mkono, unashika chochote unachokigusa, unavuta. Inatoka kona ya kola. Linatoka bega, na pedi yake. Linatoka koti zima, limekunjamana, limekasirika, likitafuta hewa. Nimeshuhudia mbuzi akizaa. Mambo yalikuwa mepesi zaidi.

Mara ya kwanza lilitoka likiwa na mkono wa kushoto umesokotwa kama shuka inayokamuliwa. Nilikuwa nimegeuza bitana nusu mzunguko kabla ya kuishona kwenye mwisho wa mkono. Nikalirudisha tumboni lilikotoka, nikafumua, nikashona tena, nikalizalisha upya. Likatoka na mikono miwili iliyonyooka, ila mkono wa kushoto umeshonwa ukiwa ndani ya wa kulia. Usiniulize. Mafundi wakubwa walioelezwa habari hii wamesema haiwezekani kimaumbile. Mara ya tatu, Jumapili saa sita za usiku, jirani kazima redio na mbwa wote wa mtaa wamelala, likatoka koti.

Na lilikuwa koti, jamani. Nilisimama mbele ya kioo cha kabati. Kiuno kipo. Mabega yapo. Nikaupitisha mkono ukateleza hadi mwisho bila kukwama, na hilo ndilo tendo jema la bitana ambalo hata wapinzani wake wanalikiri: jaribu kuvaa koti lisilo na bitana juu ya blauzi ya pamba, uone mikono ya blauzi inavyopanda hadi kwapani ikakaa huko kama mgeni asiyeaga.

Kuna wanaodai poliesta haipumui. Ni kweli haipumui, ina kazi. Nasikia wakiisifu kupro, bitana inayotengenezwa kutokana na zile nyuzi fupi zinazobaki kwenye mbegu za pamba baada ya kuchambuliwa, inayonyonya jasho na kupitisha hewa. Nimeiulizia Kariakoo. Muuzaji alinielekeza duka la dawa. Kwa hiyo navaa ninachokipata, na kati ya kituo cha basi na mlango wa ofisi natokwa na jasho kama niliyeitiwa deni. Kisha naingia kwenye kiyoyozi, jasho lile lile linapoa ndani ya bitana, na kufika saa tatu naona baridi ya Makete nikiwa Dar es Salaam. Ni nguo gani nyingine inakupa safari ya namna hiyo bila nauli?

Limebaki jambo dogo. Ule mlango wa sentimita 20, ukishalizalisha koti, unatakiwa kufungwa kwa mshono. Usiku ule wa Jumapili nilikuwa nimechoka, subana siioni, na uzi wa zambarau umeisha kwenye bobini. Nikaufunga kwa pini tatu, nikajiambia nani ataona.

Jumatatu asubuhi koti lilisifiwa kutoka mapokezi hadi uhasibu. "Umenunua wapi?" "Nimeshona." "Muongo!" Nilikuwa nimelivua kidogo, nimelitundika kwenye kiti, waliposema mkurugenzi mpya anapita kusalimia wafanyakazi. Nikalichukua mbio, nikaingiza mkono wa kushoto, ukatoka. Nikaingiza wa kulia. Pini zilikuwa zimekwisha kwenda zao. Mkono uliuona mlango, ukapita, ukashuka kati ya bitana na gabadini, ukateleza vizuri mno hadi mwisho, mahali ambapo vitambaa hivyo viwili nimevishona pamoja mimi mwenyewe, kwa mishono midogo, imara, na kuirudia mara mbili. Ukaishia hapo. Mkurugenzi alikuwa amekwisha kusimama mbele yangu, amenyoosha wake.

Wa kushoto ulikuwa huru, lakini mimi nimelelewa. Nikampa kiwiko, kama enzi za korona. Akakitazama kidogo, kisha akanyanyua chake tukagusana, na aliyefuata kwenye mstari, akidhani ndiyo itifaki mpya, naye akampa kiwiko, na wa baada yake, hadi mwisho wa korido.