Bastola Chini ya Ndoo ya Samaki

Kila aliyewahi kukesha na vitabu vya Elvis Musiba huamini naye ana riwaya ya kipelelezi tumboni. Yangu ilinishika Mbagala, kwenye chumba cha kupanga.

Balaa lilianza shujaa alipotakiwa kumfukuza jambazi. Willy Gamba wa Musiba, tangu Kufa na Kupona ya mwaka 1974, ni mtu wa ndege na hoteli za maana. Wangu nikampandisha daladala la Kariakoo, tena asubuhi. Sura nzima ya pili ikaishia Mtoni kwa Aziz Ally, shujaa kaning'inia mlangoni, konda anamdai nauli, bastola imebanwa na ndoo ya samaki ya mama mmoja.

Dada wa steshenari anayenichapia huchapa huku akisoma kwa sauti, na wanaosubiri fotokopi za vyeti huchangia.

"Kaka, jambazi keshafika Chalinze, huyu wako bado Mtoni? Mpe bodaboda!"

Mzee mmoja akapinga: mtu wa serikali hapandi boda bila helmeti. Wakabishana mpaka umeme ukakatika, na sura yenyewe ilikuwa haijahifadhiwa.

Habari za sura ya tatu zikanitangulia nyumbani. Humo nilikuwa nimelaza maiti uani, chini ya mwembe, kwenye nyumba ya mama mmoja mkali anayefunga bomba saa mbili usiku.

"Kwa hiyo mwanangu, uani kwangu kuna maiti?" mama mwenye nyumba akaniuliza, mikono kiunoni. "Ukihama, chumba atapanga nani?"

Nikamwambia ni mambo ya kubuni tu, mama. Akataka kujua mbona mwembe wake haukubuniwa. Usiku huo nikamwelewa Shaaban Robert: Kusadikika yake ya mwaka 1951 ni nchi iliyo angani. Huko juu hakuna wa kukudai kodi ya miezi sita.

Nikaihamishia maiti Kinondoni, nikapeleka marekebisho steshenari. Nilipokwenda kuchukua kazi, kurasa zilikuwa zimenenepa. Shujaa alikuwa na boda, helmeti, na mchumba: mchapaji mmoja mrembo, mwenye akili nyingi, ambaye ndiye aliyemgundua muuaji. Muuaji sasa alikuwa konda.

Nikauliza hawa wametoka wapi.

"Hadithi ilikuwa inasinzia, kaka," akasema dada, akanihesabia malipo ya kurasa zote, na zake zikiwemo.