Namna ya Kuzipangishia Seli Nyumba Itakayobomoka Yenyewe

Anza kwa kutafuta wapangaji wenye masharti magumu. Seli shina za uboho, zile zinazoweza kugeuka kuwa seli za mfupa, zinafaa mno, maana hazikubali kuelea tu. Zisipopata mahali pa kushika zinajifia, nawe unabaki ukilisha maiti kwa seramu ya ndama, ambayo bei yake naomba usimwambie mhasibu.

Unaweza kuzilaza kwenye sakafu ya chupa bapa za plastiki. Zikizaana, ongeza chupa. Zikizidi, ongeza kabati, kisha chumba, kisha kijana wa kufungua na kufunga vifuniko hadi viganja viote sugu. Ukichoka, mshukuru Mholanzi van Wezel, ambaye mwaka 1967 alionyesha kwamba seli zinaweza kukua juu ya punje ndogo ndani ya chombo kinachokorogwa. Gramu moja ya punje za dekstrani zinazouzwa leo ina eneo la takriban sentimita za mraba 4,400. Chupa ya kawaida ina 75. Koroga kwa adabu lakini: ukizembea punje zinatuama na kugandana, ukikazana unazing'oa seli.

Sasa ubaya wa dekstrani: haiozi. Siku ya kuvuna inabidi uzimwagie seli tripsini, kimeng'enya kinachokata protini zinazozishikiza, halafu uchuje, halafu uhesabu zilizosalimika. Kwa hiyo chagua punje zinazooza: za jelatini, za kitosani, au za PLGA, polima ya ukoo mmoja na nyuzi za kushonea zinazoyeyuka mwilini. Hapo humfukuzi mpangaji. Unamhamisha na nyumba yake hadi kwenye pengo la mfupa wa mgonjwa unalotaka kuziba.

Kazi yenyewe ni kupanga tarehe ya kubomoka, na hapo ndipo wajuzi wanapokuna vichwa. PLGA ya laktiki na glikoliki nusu kwa nusu huisha kwa mwezi mmoja au miwili. Ukizidisha upande wa laktiki, inadumu zaidi. Ikiisha kabla seli hazijatandaza kolajeni na kuitia madini, umepata shimo lilelile, ila sasa ni la gharama. Ikichelewa, inauzibia njia mfupa mpya. Tena inapooza inatoa asidi, na ikitoka kwa mkupuo inawaunguza wapangaji wako mwenyewe. Changanya haidroksiapatiti, madini ya mfupa: inapunguza ukali huo, na seli za mfupa huipenda.

Kuna suala la mishipa ya damu. Seli iliyo mbali na mshipa hata kwa nusu milimita hukosa oksijeni, na mishipa haiji kwa kualikwa. Ukifika hapa andika "utafiti zaidi unahitajika", kisha omba fedha.

Wakati unasubiri, daktari wa mifupa anachonga kipande kwenye nyonga ya mgonjwa mwenyewe na kuziba pengo. Hicho ndicho kipimo, na punje zako bado hazijakishinda.