Farasi Hawafiki Ujiji

Huko Wellington, Florida, tajiri hanunui nyumba peke yake. Hununua pamoja na banda la farasi, njia za kupandia na majirani wenye ugonjwa huohuo wa kupenda farasi. Faida ni hewa, mandhari na heshima. Hasara ni kwamba farasi mmoja hushusha samadi kilo 20 hivi kwa siku, na samadi haijui hadhi ya mtu.

Mwambao wa Ziwa Tanganyika, uliko Ujiji, uliukataa mpango huu zamani. Mwaka 1871 mwandishi wa habari Stanley aliondoka Bagamoyo na farasi wawili na punda 27. Farasi wakafa wote safari haijakolea, na bwana akaingia Ujiji kwa miguu yake kumwamkia mpelelezi Livingstone. Mizigo ilifikishwa na wapagazi, ambao hakuna aliyewahi kuwajengea banda.

Halafu kuna mbung'o wa mapori ya magharibi, mlinzi wa geti asiyehongeka. Ugonjwa anaoueneza humwangusha farasi bila kuuliza ukoo wake.

Tuseme basi dalali anapima mtaa wa wapanda farasi Kibirizi, ufukweni Kigoma. Njia ipite wapi? Mchangani wameanikwa dagaa, na mama mwenye dagaa akikanyagiwa, fidia italipwa palepale, tena kwa kelele. Samadi, kweli, migomba ingeifurahia. Hiyo faida tumpe farasi.

Ila kijana wa bodaboda wa Mwanga, hapo Kigoma mjini, angekuwa na swali moja tu kwa mwenye farasi: huyo anapakia abiria wangapi?