Fisi Kafa, Unataka Nini Tena?

Anayetaka kumuua sungura wa hadithi, yule aliyewashinda simba, tembo na fisi tangu dunia ianze, asihangaike na mitego. Amwingize kwenye azimio la kazi.

Nafundisha Kiswahili sekondari moja ya kata huku Muleba, na muhula huu nimefika fasihi simulizi: ngano, visasili, visakale na jamaa zao wote. Mada tamu. Utamu unakwisha pale mwalimu wa taaluma anapokukabidhi lile jedwali. Umahiri mkuu, umahiri mahususi, shughuli za kujifunza, mwezi, wiki, idadi ya vipindi, mbinu, zana, vigezo vya upimaji, rejea, maoni. Safu ya maoni ndiyo nyembamba kuliko zote. Ukiandika "lakini" imeshajaa.

Kwenye zana niliandika: Bibi. Jedwali likarudi na wino mwekundu, "taja zana inayopatikana katika mazingira." Sasa katika mazingira ya Muleba kuna kinachopatikana kuliko bibi? Projekta hatuna, umeme unakuja ukijisikia, vitabu vinagombaniwa. Lakini pita kibanja chochote, utamkuta bibi chini ya migomba anamenya ndizi, na ngano zimemjaa mpaka kooni. Nikaelezwa kwamba bibi ni mgeni mwalikwa, mahali pake ni safu ya mbinu. Basi nikamhamisha. Bibi mwenyewe mpaka leo hana habari kwamba alipata uhamisho.

Rejea ndiyo iliyonipandisha kosta ya Bukoba Jumamosi, siku ambayo watu wenye akili wanafua. Maana ngano za huku ziliandikwa, tena zamani. Mjerumani Hermann Rehse alizikusanya za Kiziba, kaskazini mwa Bukoba kuelekea Uganda, akazichapisha ndani ya kitabu chake mwaka 1910. Kwa Kijerumani. Mmarekani Peter Seitel akaja miaka mingi baadaye, akawarekodi wasimulizi wa Kihaya, kitabu kikatoka 1980. Kwa Kiingereza. Profesa Mulokozi naye alizifuata tendi zinazoimbwa kwa ala ya enanga, akaziandikia tasnifu ya uzamivu mwaka 1986. Kwa hiyo wazee wetu walisimulia kwa Kihaya, natakiwa niwafundishe vitukuu vyao kwa Kiswahili, na rejea ilipigwa chapa Stuttgart. Nikiomba nauli ya kuifuata nitaambiwa nina dharau.

Na Wajerumani hao hao, walipotaka ngano za kwao, hawakuhangaika. Ndugu wawili wa Grimm, waliotoa kitabu chao cha kwanza cha ngano mwaka 1812, walikaa wakawasikiliza watu. Mmoja wa wasimulizi wao wakubwa, Dorothea Viehmann, alikuwa mama anayeuza mboga mjini Kassel. Muuza mboga! Soko la Bukoba limejaa wasimulizi wa daraja hilo, na ukimpunja mmoja bei ya nyanya utasimuliwa ukoo wako wote bila kulipia. Viehmann walimchora picha, ikatiwa kitabuni. Bibi yangu hata safu ya zana wamemnyima.

Vitabu sikuvipata. Nilichokipata kila kibanda ni mabegi ya shule yenye picha ya yule binti wa kifalme anayegandisha kila anachogusa. Watoto wa Kashai, pale pale mjini, wanamjua kwa jina, wanamwimba. Barafu yenyewe wanaijua ile ya kwenye mfuko wa nailoni. Nikamuuliza muuzaji kama ana begi lenye picha ya Mugasha, mwenye ziwa na dhoruba, ambaye nyumba zetu zinamtazama ziwani kila asubuhi. Akaniuliza huyo anachezea timu gani.

Nikarudi Muleba kwa Bibi, nikamwomba aje asimulie darasani. Wa kwanza kukataa ni yeye.

"Hadithi saa nne asubuhi? Waitu mwalimu, wewe mzima? Hadithi ni usiku, watu wamekula."

"Bibi, ratiba ndiyo hiyo."

"Na ndizi atamenya ratiba?"

Alikuja hata hivyo, kitenge kipya, nusu saa kabla ya kengele. Andalio la somo langu lilikuwa na utangulizi wa dakika 5, na dakika hizo Bibi alizitumia kusalimia dawati la kwanza. Maana hakusalimia kwa jumla kama mgeni rasmi. Wewe wa nani? Wa Kamachumu? Babu yako alikuwa na kahawa nyingi, zikaenda wapi? Na wewe wa Nshamba, mbona umekonda? Alipofika dirishani kipindi cha dakika 40 kilikuwa kimebaki kipande, na ndani ya kipande hicho nilikuwa nimepanga maarifa mapya, kuimarisha, tafakuri na hitimisho.

Ndipo akaanza. Fisi anataka senene. Sungura anamwambia senene hufuata mwanga, mshamba wewe, nenda kwenye mwanga mkubwa kuliko yote. Fisi anakwenda Bukoba kwa bodaboda (sijui bodaboda iliingia lini kwenye ngano hii, na sikuthubutu kuuliza), anapita mitego ya Rwamishenye yenye mabati na mapipa na taa kali, anasema hizi ndogo, mimi nataka kubwa. Anafika ufukweni, anauona mwezi umelala ndani ya maji.

Hapo ikaja mvua. Bukoba hupata takribani milimita 2,000 kwa mwaka, na mgawo wa Muleba siku hiyo uliletwa wote juu ya bati letu. Sauti ikapotea. Bibi hakujali, alimuua fisi kwa mikono: akazama, akaibuka, akakodoa macho, akazama tena. Darasa lilikuwa chini kwa kicheko. Mwalimu wa hesabu, aliyekuja kudai kipindi chake, nilimkuta amekaa dawati la nyuma, chaki mfukoni.

Mvua ilipopungua nikakumbuka jedwali.

"Bibi, waeleze basi, funzo la hadithi hii ni nini?"

"Funzo?" Akanitazama kwa huruma. "Fisi kafa."

"Ndiyo, lakini inatufundisha nini? Labda tamaa mbaya?"

"Tamaa ipi? Nani hapa hataki senene?"

Hakuna aliyenyoosha mkono.

"Na sungura, si mwongo?"

"Sungura kashiba. Unataka nini tena?"

Hapa ndipo ugomvi wangu ulipo. Tumewafundisha watoto kwamba hadithi ni bahasha, ndani mna funzo, toa funzo tupa bahasha. Matokeo yake hawasikilizi tena, wanapekua. Mpe ngano ya binti aliyeolewa na chatu, atakujibu "tuache tamaa." Mpe ya jitu lililomeza kijiji kizima, atakujibu "tuache tamaa." Mpe ya mtoto yatima asiye na hata kijiko, bado atamshauri aache tamaa. Na mwongozo wa kusahihisha unampa alama, kwa hiyo kwa nini afikiri?

Wiki iliyofuata nikatoa jaribio: eleza funzo la ngano uliyosimuliwa, alama 5. Nilisahihisha rundo zima la tamaa huku nasinzia, mpaka nikafika kwa binti mmoja wa visiwani, Bumbire, ambaye darasani hazungumzi. Kaandika mstari mmoja: usifuate ushauri wa sungura usiku kama hujui kuogelea.

Mwongozo unasema sifuri. Nimempa zote tano, na mthibiti ubora akiuliza, nitampeleka kwa Bibi akasalimiwe.