Mgeni Asiyebisha Hodi
Nyumbani mwangu, ambamo hesabu ya roho, paka akiwemo, haizidi tano, nilistaajabu usiku mmoja, nilipofungua ukurasa wa ruta, kukuta vifaa 17 vimejikalia juu ya Wai-Fai yangu, vikinywa bando nililolilipia mimi, wala hapana hata kimoja kilichobisha hodi. Nikaarifiwa kwamba kila kifaa kina anwani ya alama 12, na kwamba 6 za mwanzo hufichua nasaba ya kiwanda kilichokizaa. Nami nikafurahi, maana sisi watu wa pwani kwa kuulizana nasaba hatujambo. Kumbe simu za zama hizi, tangu Android 10 ya mwaka 2019 na iOS 14 ya mwaka 2020, hujivika nasaba ya kubuni, na dalili yake ni alama ya pili kuwa 2, 6, A au E. Nikabadili nywila, nikalala. Asubuhi, chai haijaiva, jirani yangu, ambaye tangu ahamie hapa hajapata kuja kunijulia hali, alisimama mlangoni kwa adabu zote: “Shikamoo mzee. Kwani leo mtandao una nini?” Vifaa vilikuwa vimebaki vinne.