Bwana On wa Vuhovi

Kiongozi mwenye nguvu kuliko wote hapa Vuhovi hajawahi kuonekana na mtu. Anaitwa On. On amesema Jumamosi ni salongo, kazi ya pamoja ya usafi. On amepandisha bei ya mafuta. On atatengeneza barabara ya Butembo. Ukiuliza On anakaa wapi, watu wanatazama milima.

Jioni nafundisha watu wazima Kifaransa cha mwanzo, na huyo On, kiwakilishi cha Kifaransa, ananisumbua kuliko wanafunzi. Nimewaeleza kwamba anaweza kuwa sisi, wao, au watu tu, ila kitenzi chake hubaki cha mtu mmoja: on mange, on paie. Baba mmoja mnunuzi wa kahawa akaitikia kwa uchungu: “Ni kweli, Mwalimu. Tunakula wote, analipa mmoja.”

Quelqu'un, yaani mtu fulani, naye alileta fujo. Sisi Wanande tunapeana majina kwa kufuata mpangilio wa kuzaliwa: mvulana wa kwanza ni Paluku, wa pili Kambale, msichana wa kwanza Masika. Nikataka waseme kwamba kuna mtu anabisha hodi. Kijana akasema: “Kambale frappe à la porte.” Nikamwambia, hapana, huyo mtu hatumjui. “Kwani Kambale yupi tunamjua, Mwalimu?” Wakati huo akina Kambale wote wa darasani walishainuka kwenda kufungua mlango.

Lakini hasara yenyewe ililetwa na personne. Neno hilo likitanguliwa na une, ni mtu. Likikaa bila une, pamoja na ne, ni hakuna mtu. Mama Masika, mwanafunzi wangu hodari, alipewa kazi ya kuandika mahudhurio ya salongo. Alikosekana mtu mmoja tu. Mama akaacha une nyumbani, akaandika kwa mwandiko mzuri: “Personne n'est venu.”

Aliyepokea karatasi alijua Kifaransa vizuri mno. Watu wote waliozibua mtaro tangu alfajiri wakatozwa faini, Mama Masika akiwemo. Walikuja darasani na majembe yao, na hawakuja kujiandikisha.

Suluhu ilipatikana, faini ikafutwa. Sasa darasani hakuna anayesahau une. Juzi Mama Masika aliandika kwamba wote wapo: “Une tout le monde est présent.” Nilishika chaki nisahihishe, nikaona majembe pale mlangoni, nikampa alama zote.