Sifa za Pedi Mbovu

Faru wa Ngorongoro wameshasifiwa vya kutosha. Simba wana vitabu, nyumbu wana filamu, na Kreta yenyewe imo kwenye orodha ya Urithi wa Dunia tangu 1979. Kila mgeni anayelala Karatu usiku mmoja kabla ya kupanda kuelekea Lango la Lodoare huamka na sifa mdomoni. Sisi tunaokaa hapa mwaka mzima tunajua kuna kitu kingine mjini kinachofanya kazi kuliko tembo, na hakuna mtalii aliyewahi kukipiga picha, hata yule aliyepotea njia ya hoteli. Nazungumzia pedi mbovu ya kibanda cha gemu: ile iliyochomekwa upande wa kushoto wa kompyuta, kijiti cha analogi kinavuta upande, batani ya pasi inanata, na kila anayekabidhiwa huchungulia kwanza mwenzake kashika ipi.

Tuitazame kwa heshima inayostahili. Ilitoka kiwandani nyeusi. Leo kila mfereji wake umejaa udongo mwekundu wa Karatu, na jasho la viganja limeupaka udongo huo mng'aro kama wa sakafu ya saruji iliyosuguliwa. Raba ya analogi ya kushoto ililiwa na vidole gumba zamani. Mwenye kibanda ameivalisha kipande cha tyubu ya baiskeli. Waya umezungushiwa selotepu pale unapoingia kwenye mwili wa pedi. Ukiuelekeza dirishani, kompyuta inaitambua. Ukiuachia, kompyuta inalia mlio wa kuagana, na beki wako wa kati anasimama akitazama mpira unavyompita.

Kwa kawaida kibanda kina pedi mbili, nzima na mbovu, na hapo ndipo adabu za mji zinapoonekana. Mgeni akiingia anakaribishwa vizuri kabisa, anafutiwa benchi, anaulizwa habari za nyumbani. Kijana aliyekwisha kukaa anasogeza ile ya kushoto mbele yake na kusema kwa sauti ya upole: "Chukua hiyo kaka, ni nzima tu, inataka kuzoewa." Sijasikia ukarimu uliofichwa kwa ustadi kama huo.

Chukua gemu inayochezwa zaidi, PES 2013, iliyotoka mwaka 2012 na ambayo bado inatawala vibanda vingi kwa sababu inakubali kukimbia kwenye kompyuta za mtumba zilizostaafishwa na maofisi ya Ulaya. Vijana wameivisha jezi za Simba na Yanga, ikawa ya kwetu. Sasa mtu amefungwa nne bila. Kwa pedi nzima, hana la kusema. Anasimama, anapisha, anatoka nje na aibu yake mchana kweupe. Kwa pedi mbovu, hakufungwa. Analogi ilimvuta. Goli la kwanza kipa alitoka mwenyewe, la pili batani ilinata, la tatu waya uliguswa, na la nne hakuwa tena anacheza, alikuwa anaonyesha watu jinsi pedi ilivyo. Anaondoka kichwa juu. Ni vijana wangapi wamelala usingizi mzuri kwa sababu ya kile kijiti? Mahakama hazijawahi kutoa dhamana kwa urahisi namna hiyo.

Tena pedi hii inasawazisha watu. Wachumi wanahangaika miaka yote namna ya kumpunguzia mwenye nacho bila kelele. Kibandani suala hilo limekwisha: bingwa akishinda mfululizo, watazamaji wanaanza kunung'unika, "abadilishiwe pedi," na anabadilishiwa. Hakuna fomu wala makadirio ya kodi. Dakika kumi baadaye bingwa ni mtu kama watu.

Wenye elimu watauliza ugonjwa wenyewe unatoka wapi. Chini ya kijiti cha analogi kuna vikasha viwili vidogo, kimoja kinapima juu na chini, kingine kushoto na kulia. Ndani ya kila kimoja kuna ukanda wa kaboni na ulimi mwembamba wa chuma unaoteleza juu yake. Kompyuta inasoma umeme unaopita hapo na kujua kijiti kimeelekea wapi. Kila unapomkimbiza winga, ulimi unakwangua kaboni. Ikifika siku, kijiti kiko katikati, mkono wako uko mapajani, lakini kaboni iliyolika inaiambia kompyuta kwamba unataka kwenda kushoto. Ongeza vumbi la Julai na Agosti, lile linaloingia hata ndani ya friji, na kazi imekamilika. Fundi simu anaweza kuifungua, kusafisha kwa spiriti na pamba ya masikio, na kuirudisha ikiwa na adabu kwa siku chache. Wengine wanaiambia kompyuta ipuuze kijiti kinapotikisika kidogo. Hapo pedi inaacha kuvuta, ila inapoteza mwendo wa polepole: mchezaji ama amesimama ama anakimbia kama anafukuzwa na nyati.

Kuna waliojaribu kuuzuia ugonjwa huu. Sega walitengeneza pedi ya Dreamcast mwaka 1998 kwa kutumia sumaku, kijiti kisikwangue kitu chochote. Mwaka 2001 kampuni hiyo ikatangaza kuachana na biashara ya mashine za gemu. Sisemi sumaku ndizo zilizowaponza, lakini tarehe ni tarehe. Nintendo walifuata njia ya wengi. Vijiti vya Switch vikaanza kuvuta, wanunuzi wa Marekani wakafungua kesi mwaka 2019, na mwaka 2020 rais wa kampuni, Shuntaro Furukawa, akaomba radhi kwa usumbufu. Karatu tulisikia habari hiyo kwa mshangao. Hapa mteja analipa, anavutwa kushoto dakika kumi nzima, kisha yeye ndiye anayeomba radhi kwa aliyekuwa anasubiri zamu.

Lakini pedi mbovu isingefika mbali bila rafiki yake wa karibu: gemu iliyotengenezwa kwa ajili ya pleistesheni au Xbox, ikahamishiwa kompyuta mwishoni mwishoni, kwa haraka, na watu waliokuwa wanaangalia saa. Gemu ya namna hiyo unaitambua mapema. Skrini inakuamuru bonyeza A. Unatazama mkononi, batani zako zimeandikwa 1, 2, 3 na 4. Microsoft walipoleta Xbox 360 mwaka 2005 walileta na lugha yao ya pedi, na gemu nyingi za kompyuta zilizofuata hazikutaka kusikia nyingine. Pedi ya bei rahisi ikichomekwa inaongea lahaja ya zamani, gemu inajifanya haioni mtu. Ndipo vijana wakajifunza kutumia x360ce, programu ndogo iliyotengenezwa kwa kujitolea ambayo kazi yake ni kuidanganya gemu kwamba lile dude la sokoni ni pedi halali ya Xbox. Kuna kijana wa kidato cha pili mjini hapa ambaye hajui kutafuta kipeo cha pili lakini anakuandikia faili la mipangilio ya x360ce akiwa anatafuna muwa. Shule haikumfundisha hilo. Alifundishwa na gemu mbovu na pedi mbovu, bure.

Wakubwa wa dunia nao wamechangia. Resident Evil 4 ilipofika kwenye kompyuta mwaka 2007 ilikuja bila kutambua mausi, kwenye mashine ambayo kila mtu ana mausi; ulilenga bunduki kwa funguo za kibodi, kama unaandika barua kwa adui. Dark Souls iliombwa na mashabiki wenyewe kwa saini, ikaja mwaka 2012 ikiwa imefungiwa picha za kiwango cha nukta 1024 kwa 720, na mtu mmoja anayejulikana kwa jina la Durante akaifungua kwa programu yake aliyoiita DSfix. Batman: Arkham Knight ya kompyuta ilitoka Juni 2015, ikayumba kiasi kwamba Warner Bros. wakaiondoa sokoni baada ya siku moja tu na kuirudisha Oktoba. Wenzetu walikasirika. Kwa kompyuta zetu za ofisi zisizo na kadi ya picha, Batman angeyumba hata kama angetengenezwa na malaika, kwa hiyo mwaka ule sisi na wenye mashine za mamilioni tulikuwa kitu kimoja. Umoja wa namna hiyo hata Umoja wa Mataifa wanautafuta.

Najua kuna chama cha kibodi, na hoja zao nazisikia. Wanasema herufi W, A, S na D ndizo njia ya wanaume, na watakutajia Dennis Fong, aliyezipa umaarufu na kushinda Ferrari ya mtengenezaji wa gemu John Carmack kwenye mashindano ya Quake mwaka 1997. Sawa. Lakini Fong hakuwahi kukalia kibodi ya mtumba iliyotoka Ufaransa, ambayo mahali pa W pameandikwa Z na mahali pa A pameandikwa Q. Wala hakuichangia na mtu. Hapa pedi zote mbili zikigoma, watu wawili wanakaa kwenye kibodi moja, huyu herufi za kushoto, yule mishale ya kulia, viwiko vinagombana. Kibodi ya bei rahisi haiwezi kusoma funguo nyingi kwa pamoja. Zikizidi chache, nyingine zinamezwa. Wajanja wanalijua hilo. Ukitaka kupiga shuti, mwenzako anakandamiza funguo tatu zisizo na kazi, na shuti lako halitoki. Ni uhuni, na hauna ushahidi. Pedi mbovu angalau inakudhulumu hadharani.

Kwenye gemu ya San Andreas ndiyo usiseme. Toleo la kompyuta lilitoka 2005, na shule yake ya urubani imewashinda wengi duniani. Kwa kibodi ndege inajua mambo mawili tu, kukata kona yote au kutokata kabisa. Kwa pedi inayovuta kushoto, angalau unajua kosa litatokea upande gani, unaishikilia kulia kidogo muda wote, na unapita kwenye mapete. Madereva wa utalii wanaelewa bila kufafanuliwa. Land Cruiser yenye steringi iliyolegea haishuki barabara ya Seneto kuingia Kreta kwa kufuata kitabu. Inashuka kwa mkono uliokwisha kujua kasoro yake. Wengi wa madereva hao, wakisubiri wageni wamalize chai, hukaa kibandani kidogo, na sijaona hata mmoja anayelalamikia analogi. Wanaichukua, wanaichezesha mara mbili kushoto na kulia, wanaguna, wanaanza mechi.

Kama bado una shaka kwamba pedi hii ni haki ya watu wa huku, nenda ng'ambo ya Kreta, kwenye Bonde la Oldupai. Mwaka 1960 familia ya Leakey ilipata huko mifupa ya mkono wa kiumbe aliyeishi yapata miaka milioni 1.8 iliyopita, na mwaka 1964 Louis Leakey, Phillip Tobias na John Napier wakamtangaza kuwa Homo habilis. Kilichowavutia kilikuwa ule mkono, na kidole gumba chenye uwezo wa kushika kitu kwa nguvu na kwa ustadi, pamoja na zana za mawe zilizopatikana bondeni humo. Maelezo ya kawaida ni kwamba kidole kile kilisaidia kuchonga mawe na kuchuna nyama. Mimi nasema jiwe halihitaji kidole cha namna ile. Mtu anayehitaji kusukuma kulia kidogo tu, mfululizo, dakika kumi, bila kukaza mkono wala kulegea, huku kidole kingine kikigonga batani inayonata mara mbili ili itoke mara moja, huyo ndiye anayekihitaji. Wataalamu wa makumbusho wanikosoe kama wana pedi.

Limebaki jambo moja la dharura. Mwenye kibanda ametangaza kwamba vitunguu vya Mang'ola vikilipa vizuri msimu huu, ataagiza pedi mbili mpya kutoka Arusha. Ameshauliza bei. Sisi wateja tunamheshimu, ni mtu wa watu na anatukopesha mechi umeme ukikatika katikati. Lakini pedi mbili mpya kwa mpigo zitaharibu kila kitu: bingwa hatashuka, aliyefungwa atakuwa amefungwa kweli, na wageni hatutakuwa na cha kuwakaribishia. Tunamwomba afikirie upya. Kama ni lazima anunue, anunue moja.